Umeme Umekatika: kutunga wimbo kwa do-re-mi na kuurekodi chumbani

Waliopita kwaya wengi wanaijua do-re-mi, yaani kuimba kwa majina ya noti do, re, mi, fa, so, la, ti, kama wanavyoijua hesabu ya kuzidisha: kitu cha kusomea, siyo cha kuchezea. Mwalimu anaandika ubaoni, anapiga Do kwenye kinanda, sauti ya nne wanakosea, mnarudia mpaka jua linazama. Mfumo wenyewe ulianzishwa na mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, akaja John Curwen akaunyoosha katika karne ya 19, wamisionari wakauleta huku. Mimi niliimba kwa mfumo huo miaka mingi bila kuutungia hata mstari mmoja. Nyimbo nilizojaribu kutunga nilizianza kwa gitaa, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zilezile tatu, vidole vikienda vilikozoea kwenda, na kila wimbo ukawa mdogo wake ule uliotangulia.

Kilichonisaidia si kujua nadharia nyingi zaidi. Ni kugeuza matumizi yake. Nadharia ya muziki haikutungii wimbo. Inakuziba njia uliyoizoea, na ukishazibiwa unalazimika kukata kona. Hapo kwenye kona ndipo wazo linapokaa. Basi mwongozo huu wote ni mfululizo wa vikwazo vidogo, na sharti moja kubwa: unarekodi usiku huohuo, hata kama ni vibaya.

Nitakuonyesha kwa wimbo mmoja nilioutunga umeme ulipokatika. Unahitaji gitaa au kinanda, simu, daftari, na saa mbili hivi.

Hatua ya kwanza: pandisha gitaa kwenye A ya kweli, halafu tafuta Do yako

Anza na kipimo. Noti zina pia majina ya herufi, A hadi G, na A ya mitetemo 440 kwa sekunde ndiyo kipimo cha kimataifa, na programu ya bure ya kutyuni iliyo kwenye simu itakuonyesha. Uzi wa tano wa gitaa ukiwa wazi ni A hiyohiyo, ila imeshuka oktava mbili, na kila oktava hugawa mitetemo kwa mbili: mitetemo 110.

Nasisitiza hili kwa sababu lilishanigharimu. Niliwahi kurekodi magitaa manne, usiku mzima, gitaa likiwa limepatana lenyewe kwa lenyewe lakini limeshuka kidogo kuliko 440. Kwa sikio langu lilikuwa tamu kabisa. Wiki iliyofuata rafiki yangu mpiga kinanda akaja kuweka sauti zake. Alipobonyeza kodi ya kwanza tulitazamana. Kinanda hakikuwa na shida. Kazi yangu yote ilikuwa imekaa katikati ya funguo mbili, si huku wala kule. Ikabidi nianze upya.

Sasa Do. Uzuri wa do-re-mi ni kwamba Do haina nyumba ya kudumu. Inahamia popote sauti yako ilipo. Imba ukishuka mpaka sauti igeuke pumzi, weka alama kwenye noti hiyo. Panda mpaka uanze kukaza shingo, weka alama. Noti ya juu kabisa ya wimbo wako iwe chini ya alama ya pili, angalau toni moja (freti mbili za gitaa), kwa sababu usiku wa kurekodi utaimba mara kumi na tano, siyo mara moja. Kwangu Do ilitua G. Kama kwako ni B flati, weka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, freti ya 3 na ushike maumbo yaleyale ya G. Mengine yote hapa chini yatabaki kama yalivyo.

Kodi za ufunguo wa G ziandike daftarini mara moja usizitafute tena: Do ni G, Re ni A maina, Mi ni B maina, Fa ni C, So ni D, La ni E maina. Ya Ti iache kwanza, ina tabu zake.

Hatua ya pili: maneno kabla ya sauti

Hapa natofautiana na wanaosema uanze na biti. Kiswahili kimekuja na muziki wake tayari, na sisi tuna bahati ya kuwa na mizani, ambayo wenzetu wengi hawana. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo: nane ukwapi, nane utao. Ukiandika mizani nane umeshapata sentensi ya muziki yenye urefu unaohesabika, kabla hujagusa uzi.

Nilikaa gizani, nikaandika kilichokuwa mbele yangu:

Umeme umekatika, mshumaa nauwasha,
Sura yako yazunguka, ukutani inakesha.

Hesabu: u-me-me-u-me-ka-ti-ka, nane. M-shu-ma-a-na-u-wa-sha, nane. Ile "m" ya mshumaa ni silabi kamili, usiimeze. Kina cha kati "ka", cha mwisho "sha". Mstari wa pili hivyohivyo.

Sasa jambo ambalo wanaotunga juu ya biti ya mtu mwingine hulikosa sana. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Ukitaka kuona mkazo una nguvu gani, chukua "barabara". Ukikaza "ba" ya pili, ni njia ya magari. Ukikaza "ra" ya kwanza, ni sawasawa, vizuri kabisa. Herufi zilezile, maana mbili, kinachozitenganisha ni pigo tu. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za vitabuni zilizotafsiriwa zinaimbwa kama zina jiwe ndani ya kiatu: sauti ilikuja kwanza kutoka lugha nyingine, maneno yakashindiliwa baadaye, na pigo zito likatua kwenye silabi isiyostahili.

Kwa hiyo sema mstari wako kwa sauti, kama unamwambia mtu, ukipiga paja kwenye mikazo. uMEme umekaTIka, mshuMAa nauWAsha. Mikazo minne: ME, TI, MA, WA. Sasa weka kila mkazo kwenye pigo la kwanza la kipimo chenye mapigo manne, na silabi zilizobaki zijipange kwenye nafasi. Mimi zilijipanga hivi:

(u) | ME – me u me ka | TI – ka m shu | MA – a na u | WA – sha

Ile "u" ya kwanza inaanza kabla ya mlango, yaani ile alama | inayofungua kipimo, kwenye nusu ya mwisho ya pigo la nne. ME inashika mapigo mawili. Kisha "me u me ka" zinakimbia, nusu pigo kila moja, zikimpeleka msikilizaji kwenye TI. TI nayo inashika mawili, "ka" inakaa pigo la tatu, "m" na "shu" zinagawana la nne. Vipimo viwili vya mwisho vina hewa zaidi: "a" kwenye la tatu, "na" na "u" kwenye la nne, halafu WA, mapigo mawili, na "sha".

Soma mara tano ukihesabu kwa mguu. Utasikia kwamba tayari ni wimbo, ingawa hauna hata noti moja. Mstari wa pili unaingia kwenye umbo hilohilo: SU, NGU, TA, KE. Tofauti ni kwamba "Sura" inaanza mlangoni penyewe, haina silabi ya kutangulia, na ndiyo raha yake. Sikio lilikuwa linangoja "u", likapigwa na "Su".

Hatua ya tatu: noti nne, basi

Kikwazo cha kwanza: chagua noti kwa zile silabi nne za mkazo tu. Nyingine usiziguse bado. Nilichukua mi, do, re, ti ya chini. Kwa G ni B, G, A, F shapu.

Kwa nini hizo? Sina sababu ya kitaalamu. Niliimba michanganyiko kama kumi na hii ndiyo iliyonifanya nirudie. Ila angalia inavyoishia: ti ni noti isiyotulia, inataka kupanda nusu toni ifike nyumbani Do. Mstari wa kwanza ukiishia kwenye ti, msikilizaji anabaki na deni mkononi. Ningeishia Do wimbo ungekuwa umekwisha baada ya sekunde kumi.

Silabi za katikati ziache zipite kwa hatua ndogo kati ya noti hizi kubwa, kama mtu anayeshuka ngazi bila kuruka. Hapo sauti yako itachagua yenyewe, na kwa kawaida inachagua vizuri kuliko kichwa.

Rekodi sasa hivi. Simu mezani, imba mara tatu bila gitaa. Usisikilize. Lipe faili jina lenye maana: ufunguo, kasi, neno moja, mfano "G-92-mshumaa". Nina mafaili mia na kitu yanayoitwa "Sauti mpya" na hakuna ninaloweza kulipata.

Hatua ya nne: mpangaji mmoja, nyumba tatu

Hapa ndipo nilipo na mengi ya kusema, kwa sababu hapa ndipo nadharia inapolipa.

Kodi (siyo ya mwenye nyumba, ingawa utaona zinafanana) hujengwa kwa kuruka: chukua noti moja, ruka inayofuata, chukua, ruka, chukua. Do-mi-so ni kodi ya Do. Fa-la-do ni ya Fa. La-do-mi ni ya La. Sasa tazama noti "do" imetokea mara ngapi hapo: mara tatu. Kwenye kodi ya Do yeye ni mwenye nyumba. Kwenye ya Fa na ya La ni mpangaji. Na hii ni kweli kwa kila noti ya ngazi: ana nyumba tatu za kuishi. Noti haibadiliki hata chembe, lakini mtaa ukibadilika, sura yake inabadilika.

Jaribu mwenyewe kabla ya kusoma zaidi. Imba noti moja, "do", bila kuisogeza. Chini yake piga G. Imetulia, iko sebuleni kwake. Endelea kuishika, badili uwe C. Sasa kama imeinuliwa, ina matumaini. Ishike bado, piga E maina. Imeingiwa na huzuni na wewe hujafanya lolote kwa koo lako.

Rudi kwenye noti zetu nne na uandike nyumba za kila moja. B inakaa kwenye G, E maina na B maina. G inakaa kwenye G, C na E maina. A inakaa kwenye D, A maina na ile ya Ti tuliyoiacha. F shapu inakaa kwenye D, B maina na ileile ya Ti. Sasa una orodha, na orodha ni kitu cha kuchezea.

Mstari wa kwanza niliuvisha nguo ya kila siku: G, C, D, D. Ndizo kodi ambazo vidole vingekwenda vyenyewe. Mstari wa pili, sauti ileile kabisa, nikajiwekea kikwazo: hakuna kodi meja (zile zisizo na neno "maina") isipokuwa moja. Nikapata E maina, C, A maina, B maina.

Ukiimba mistari yote miwili mfululizo utaelewa kwa nini nilikaa gizani nikicheka peke yangu. Mstari wa kwanza ni mtu anayewasha mshumaa, shughuli ya kawaida. Mstari wa pili, koo linaimba noti zilezile, lakini sakafu imeondoka: sura ya mtu inazunguka ukutani. Maneno yalikuwa yanaomba hivyo na mimi sikuwa nimejua. Kama ningebadilisha sauti pia, badiliko lingekuwa kubwa mno na lingepoteza ule mzimu. Na ile C moja iliyobaki pale kati ndiyo inayoshikilia mistari miwili iwe ndugu.

Kwa kiitikio nilitumia kikwazo kingine rahisi: kisianze na kodi ya Do. Maneno ni neno moja, "Usizime", mara nne, naomba mshumaa au naomba mtu, msikilizaji ataamua. U-si-ZI-me: mkazo uko palepale pa kuingia, kipimo kimoja kwa kila mara. Kodi: C, G, A maina, D. Kwa kuwa kinaanza Fa, kiitikio kinafunguka kama dirisha, na wala sikupandisha sauti kwa nguvu.

Hatua ya tano: mdundo uamue mtaa

Usiamue mapema kama wimbo ni rumba au ni kitu gani. Uimbe kwa midundo mitatu uone unakubali upi.

Kwa rumba, gawanya kipimo katika vipande 16 na upige makofi kwenye cha 1, 4, 7, 11 na 13. Huo ni mdundo wa Cuba, nao ulivuka bahari kurudi Afrika ndani ya sahani za santuri, zikiwemo zile za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV zilizoanza kuingia miaka ya 1930. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2021, imenyonya hapo, na dansi letu likanyonya kwake. Kwa kasi ya mapigo 92 kwa dakika, wimbo wa mshumaa ulikaa vizuri sana.

Kwa mdundo wa sita, ule wa chakacha kule pwani, gawanya vipande 12 na ugonge glasi kwa kijiko kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12. Maneno yangu yalikuwa mengi mno, yakabanana. Nikayapunguza kidogo yakacheza, lakini ukawa wimbo wa harusini, na mshumaa wangu si wa harusi.

Nilijaribu hata kasi ya singeli, zaidi ya mapigo 200. Sitaki kulizungumzia hilo.

Ukitaka chumvi ya taarabu

Hiki si cha lazima. Gitaa lina freti, na freti zinakunyima robo toni ambazo makamu (ngazi za noti za Kiarabu) za Rast na Bayati zinazihitaji. Hizo waachie fidla na udi, au kinanda kilichotengenezewa kazi hiyo. Lakini makamu ya Hijaz inapatikana kwenye gitaa la kawaida bila hila. Uzi wa nne, D: piga wazi, freti 1, freti 4, freti 5. Noti nne tu. Ule mruko mpana kati ya freti 1 na 4 ndio unaokupeleka Unguja bila boti.

Usiupake kila mahali. Mimi nilipata nafasi moja: kila ubeti unapoisha, kabla ya kiitikio, niliongeza kipimo kimoja kitupu cha kodi ya D, na gitaa likajibu na noti hizo nne, mara moja. F shapu ni ya D na ni ya Hijaz pia, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi tayari.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 na kundi lake kurekodi, sahani za wakati huo zilibeba kama dakika tatu kwa upande. Mwimbaji aliyezoea kukesha na wimbo ilibidi aukate. Nimeazima kikwazo hicho, na hesabu yake ni nyepesi: dakika tatu kwa kasi ya 92 ni mapigo 276, yaani vipimo 69. Beti tatu za mishororo minne, kila mshororo vipimo vinne, zinakula 48. Utangulizi 4. Vile vipimo vitatu vya Hijaz. Kiitikio mara tatu, 12. Jumla 67, nimebakiwa na viwili vya kumalizia. Wimbo ukishajua urefu wake, hauzururi.

Hatua ya sita: kuandaa chumba

Chumba kizuri cha kurekodia nyumbani kwako ni kile chenye nguo nyingi. Zege na mabati hurudisha sauti. Godoro, pazia zito na kabati lililofunguliwa huinyonya. Simamisha godoro ukutani nyuma yako, wewe tazama upande ilipo maiki. Zima feni, ndiyo, utatoka jasho. Friji kama iko karibu ichomoe, na weka ufunguo wa gari au kitu utakachokihitaji asubuhi ndani yake ili usisahau kuichomeka tena. Weka simu katika hali ya ndege. Sikiliza mtaa kwa dakika moja nzima ukiwa umenyamaza: jenereta la jirani, mbwa, msikiti una muda gani kabla ya adhana ya alfajiri. Kwangu saa sita usiku mpaka saa tisa ndiyo saa zangu.

Ukaribu ni studio ya maskini. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako hupungua kama desibeli 6, na mwangwi wa chumba haupungui pamoja nayo. Kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, weka simu sentimita 20 hadi 30, ikitazama pale shingo inapokutana na sanduku, freti ya 12 hivi. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mvumo, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Kwa kuimba, shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili "p" na "b" zipite bila kuipiga maiki.

Kirekodi cha kawaida cha simu kimetengenezewa mazungumzo: kinapunguza "kelele", na mlio wa gitaa unaofifia kinauhesabu kuwa kelele, kinaukata mkia. Tumia programu inayokuruhusu kuzima hilo na kuhifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa. BandLab inatosha kwenye simu, Audacity kwenye kompyuta, zote bure. Dakika ya WAV ya stereo hula kama MB 10, hivyo safisha simu kwanza. Kiwango: sauti yako kubwa kabisa iguse karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo cha programu. Ukigusa sifuri, imekwaruzika na hakuna dawa. Ikiwa ndogo utaipandisha baadaye.

Na tafadhali, hedifoni za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha. Utaimba juu ya kilichokwisha kupita, kisha umlaumu mpiga ngoma asiyekuwepo.

Hatua ya saba: gitaa moja, watu watatu

Weka kliki, mlio wa kuhesabia mapigo, kwenye 92. Rekodi kwanza gitaa la rithim, mkono mzito kidogo, maumbo ya chini ya G, C, D. Pitisha wimbo mzima hata ukikosea. Kosa la kipimo cha 40 utalirekebisha peke yake.

Sasa yule wa pili, ambaye Wakongo humwita mi-solo. Kosa la kawaida ni kurudia maumbo yaleyale mahali palepale, ukapata gitaa moja nene badala ya mawili. Weka kapo freti ya 7. Hapo umbo la C linatoa G, F inatoa C, G inatoa D. Kwa mstari wa pili shika A maina, F, D maina, E maina. Kodi ni zilezile, lakini noti zimepangwa upya juu zaidi, na nyuzi zinalia nyembamba. Usikwangue, chambua nyuzi tatu, moja moja, na uingie pale rithim inapopumua. Sikiliza rithim kama unavyomsikiliza mtu mnayepokezana naye maneno.

Solo anakuja mwisho na anasema machache: zile noti nne za Hijaz, na majibu mafupi baada ya "Usizime". Kama huna bezi, piga noti za msingi kwenye nyuzi nene, kisha shusha kwa programu nusu toni 12.

Sauti ya kuimba irekodi mara tatu nzima, halafu chagua mshororo kwa mshororo. Kwenye kiitikio ongeza sauti ya pili, na hapa kwaya inakurudishia ada yako yote: tafuta kwenye kila kodi noti ambayo sauti ya kwanza haijaishika, chagua iliyo jirani zaidi. Hiyo ndiyo alto yako.

Kuchanganya kusikuchukue usiku wa pili. Rithim ivute kushoto, wa pili kulia, sauti na bezi katikati. Kwenye sauti ya kuimba kata yote yaliyo chini ya mitetemo 80, ni miguu ya watu na malori tu. Mwangwi kidogo. Lala.

Asubuhi

Sikiliza kwa spika ya simu, ndani ya daladala kama unaweza. Spika ndogo haipigi noti nene, kwa hiyo bezi ikipotea kabisa, ipige upya oktava moja juu. Mimi nilisikia pia kwamba "sha" ya "nauwasha" inapiga mluzi kama birika. Niliirekodi upya nimegeuza uso zaidi pembeni, ikapona.

Mshororo wa tatu na wa nne bado sina. Kikwazo nilichojiwekea kwa usiku wa leo: mshororo wa tatu hauna kodi ya Do wala ya So, kina cha kati "ka", cha mwisho "sha", na umeme, kwa bahati mbaya, umerudi.